Usivuke barabara: namna ya kwenda shoo ya ska na panki kwa mara ya kwanza

Mara ya kwanza nilifika mpaka mlangoni, nikageuza. Ilikuwa Novemba, mvua ya rasharasha, na nje ya ile baa walikuwa wamesimama wanaume kama kumi na tano, vichwa vimenyolewa upara, buti zimefungwa kamba hadi juu ya kifundo, suruali zimekunjwa, ukanda mwekundu wa mabegani juu ya shati. Binamu yangu wa London alishanionya tangu wiki niliyotua Uingereza: ukiona vipara na buti, vuka barabara. Nikavuka. Nikasimama kituo cha basi upande wa pili, nikisubiri basi ambalo wala sikujua linakwenda wapi, mpaka yule mzee ninayefanya naye kazi ghalani, aliyenialika, akaja kunifuata. Akaniuliza mbona nimesimama huku. Nikamweleza. Akanishika mkono, akanivusha, akanisimamisha mbele ya mmoja wa wale vipara na kunionyesha beji iliyokuwa kwenye koti lake: kofia ya chuma ya askari wa kale, na kuizunguka maneno ya kupinga ubaguzi wa rangi.

Naandika haya kwa ajili ya Mswahili mwenzangu aliye Coventry, Birmingham, Leeds au popote huku, anayepita nje ya baa hizi usiku wa Jumamosi, anasikia tarumbeta za ska, muziki wa Jamaika wa kuchezesha, au magitaa ya kasi ya panki, roho inataka kuingia, miguu inavuka barabara.

Anza na kujifunza kusoma mavazi, maana hapo ndipo wengi wetu tunapokwama. Vipara wa kwanza (skinheads, kwa Kiingereza), miaka ya 1960, walikuwa vijana wa Kiingereza wa viwandani waliopenda muziki wa Jamaika. Walijifunza kucheza kwa majirani zao waliotoka visiwani, wakanunua santuri zilezile. Miaka ya 1970 vyama vya kibaguzi vikaingia na kuwachukua baadhi yao, na sura hiyo ndiyo iliyobaki kwenye magazeti na kwenye kichwa cha binamu yangu. Wenye muziki wao hawakukubali kunyang'anywa. Ile kofia ya chuma ni nembo ya Trojan, kampuni ya santuri iliyoanzishwa London mwaka 1968 ikiuza muziki wa Jamaika, na vipara wanaopinga ubaguzi, waliojiunga kwa jina la SHARP huko New York miaka ya 1980, waliichukua ikawa alama yao. Kwa hiyo ukiona kofia hiyo, au miraba myeupe na myeusi kama ubao wa drafti, uko kwa watu wako. Ukiona namba 88 imechorwa kwenye ngozi ya mtu, hiyo ni salamu ya Wanazi. Usibishane naye. Mwambie baunsa, kisha kaa karibu na watu. Miaka yote niliyokwenda nimeiona mara moja tu, na mwenye nayo alitolewa nje kabla bendi ya kwanza haijamaliza kufunga nyaya.

Ukishajua muziki huu umetoka wapi, hutaingia kama mgeni. Ska ilizaliwa Kingston mwishoni mwa miaka ya 1950, ikaja Uingereza na wahamiaji. Mwaka 1979, hapa Coventry, mpiga kinanda Jerry Dammers akaanzisha lebo ya 2 Tone, na bendi yake The Specials ikasimama jukwaani na vijana weusi na weupe pamoja, ska ya wazazi wa wengine imechanganywa na hasira ya panki. Coventry ni mji wa magari. Mwanzoni mwa miaka ya 1980 viwanda vilikuwa vinapunguza watu na wabaguzi walikuwa wanawapiga vijana wa Kihindi na weusi mitaani, na hawa wakaamua kuwachezesha wote ukumbi mmoja. The Selecter nao walitoka mji huuhuu, mbele amesimama Pauline Black, mwanamke mwenye baba Mnigeria, amevaa suti na kofia. Huyohuyo Dammers ndiye aliyetunga, mwaka 1984, wimbo wa kudai Nelson Mandela afunguliwe. Mimi niliyekulia katika nchi iliyowapa ANC, chama cha Mandela, ardhi ya Mazimbu, Morogoro, nilipojua hivyo nilikaa kimya muda mrefu. Siku ukiwa na nafasi mchana, pita kwenye makumbusho ya muziki ya Coventry, Walsgrave Road, ujionee mwenyewe.

Na panki? Watu huuliza mbona vitu viwili visivyofanana vinawekwa usiku mmoja. Mwaka 1977, kwenye klabu ya Roxy pale London, bendi za panki zilikuwa zimeanza tu na santuri zao zilikuwa chache mno. Aliyekuwa akipiga muziki kati ya bendi na bendi, Don Letts, mtoto wa wazazi wa Jamaika, akaweka rege. Wapanki wakaipenda, na udugu huo haujakatika. Na kama unadhani panki ni ya Wazungu watupu, mtafute Poly Styrene, mwimbaji wa bendi ya X-Ray Spex. Baba yake alikuwa Msomali. Sauti yake inakata kama king'ora, na nyuma yake iko saksafoni. Wenzetu wa Nairobi hawana haja hata ya kupanda ndege, wanayo bendi ya Crystal Axis palepale nyumbani.

Sasa kuchagua shoo. Usianze na ukumbi mkubwa. Tafuta chumba cha watu mia, mia na hamsini, nyuma ya baa au ghorofani, chenye bendi tatu au nne kwa usiku mmoja. Mabango yake hubandikwa kwenye maduka ya santuri na kwenye milango ya vyoo vya baa zenyewe. Usidharau mlango wa choo, mimi shoo zangu nzuri kabisa nimezikuta hapo. Kiingilio huwa pauni 8 hadi 12. Kukata tiketi mapema kunamsaidia mwandaaji, maana anajua kama atawalipa bendi au atatoa mfukoni mwake, na mara nyingi mwandaaji ni mtu mmoja mwenye kazi nyingine ya mchana. Angalia pia umri unaoruhusiwa ikiwa unaenda na kijana, na beba kitambulisho hata kama una mvi.

Kuhusu saa, tiketi ikiandika 7 ujue ni saa 1 usiku, ndiyo milango inafunguliwa. Panga kwa uangalifu na watoto waliozaliwa huku. Mpwa wangu nilimwambia, "Tukutane mjini saa moja," akanisubiri kuanzia saa 7 mchana. Aliponipigia simu, "Mjomba, uko wapi?", mimi nilikuwa bado nimelala, nimetoka zamu ya usiku. Muziki kwa kawaida unaisha saa 5 usiku, kwa sababu baa ina majirani. Kwa hiyo ukija na saa zetu za harusi, ukafika saa 4, utakuta bendi ya mwisho iko nusu ya kazi.

Nasisitiza: wahi bendi ya kwanza. Bendi ya kwanza huwa ni vijana wa hapohapo mjini, wengine ni mara yao ya tatu kusimama mbele ya watu, na wanacheza mbele ya watu ishirini walioegemea ukuta. Wewe usiegemee ukuta. Sogea mbele. Miaka kama sita iliyopita nilimwona msichana mwembamba, tromboni karibu ilingane naye urefu, mikono inamtetemeka hadi ule mrija wa kuvuta ulikuwa unagonga stendi ya maikrofoni. Tulikuwa watatu tu mbele. Mzee wangu wa ghalani akaanza kupiga makofi kufuata gitaa, nami nikafuata, na yule wa tatu. Wimbo wa pili mikono ikatulia. Huyo msichana leo bendi yake ndiyo inayofunga usiku, na watu waliomwona siku ile ni wachache. Mimi ni mmoja wao.

Vaa nini? Usiende kununua mavazi. Utaona fulana zenye kola, suti nyembamba, kofia fupi, viraka na pini, lakini hakuna atakayekuuliza umevaa nini. Vaa fulana ya pamba unayoweza kuilowanisha kwa jasho, na viatu vya kufunika vidole, vyenye soli isiyoteleza, kamba umezifunga fundo mara mbili na kuziingiza ndani. Ndala na sandali hapana kabisa, vidole vitakanyagwa. Herini za kuning'inia na mikufu viache nyumbani. Mwenye miwani atafute ule mkanda wa kuifunga nyuma ya kichwa. Na beba fulana ya pili, kavu, kwenye mfuko wa plastiki. Nitarudi kwenye hiyo fulana.

Kitu kisichokosekana ni viziba masikio. Chumba kidogo chenye spika kubwa hufika desibeli 100 bila shida, na kwa kiwango hicho wataalamu wa usalama kazini wanahesabu robo saa tu kabla sikio halijaanza kuumia. Wewe utakaa saa tatu. Vile vya sponji ni vya bei ya chini na baa nyingine huvitoa bure kaunta. Vile vya mpira vyenye tundu la kichujio ni ghali kidogo, lakini muziki unausikia vizuri, ila umepunguzwa. Mimi nilikwenda miaka miwili bila chochote. Sasa sikio la kushoto linalia usiku, sauti nyembamba kama ya mbu, na linalia hata hivi ninavyoandika. Nakuomba sana, ndugu yangu, vaa kabla bendi haijaanza, usingoje hadi uone maumivu.

Mlangoni utaonyesha tiketi, utapigwa muhuri nyuma ya kiganja. Ukiingia, kabla ya lolote, tazama mlango wa dharura uko wapi, kisha choo, kisha meza ya bidhaa za bendi. Koti likabidhi kama kuna sehemu ya kulipia. Kama hakuna, lifunge kiunoni.

Kama hunywi pombe, usiwe na wasiwasi hata kidogo. Mimi sinywi. Kwa sheria ya England na Wales, baa yenye leseni inapaswa kukupa maji ya bomba bure ukiomba. Omba glasi kubwa kila baada ya bendi moja, utayahitaji. Dada zangu, jueni pia kwamba katika baa nyingi za huku, mtu akikusumbua, unaweza kwenda kaunta na kumuulizia "Angela". Mhudumu anajua maana yake, atakutoa kimyakimya au kukuitia teksi. Wanaume tulioko pale nasi tujue, tusijifanye hatuoni.

Tuje kwenye kucheza, maana hapa ndipo damu inapochemka. Hesabu: moja-na-mbili-na-tatu-na-nne. Besi inatembea kwenye namba. Gitaa halipo kwenye namba, linakata kwenye "na": cha, cha, cha, cha, na tarumbeta zinakuja juu yake. Usilifukuze gitaa kwa miguu. Acha miguu ishike besi, goti moja linapanda, linashuka, linapanda la pili, kama mtu anayekimbia palepale aliposimama, mgongo umeinama kidogo, viwiko vimekunjwa, ngumi zinabadilishana mbele ya kifua. Mabega ndiyo yatakayolipata gitaa, na yatalipata yenyewe. Baba yangu pale Ngamiani, Tanga, alikuwa na santuri za Atomic Jazz na Jamhuri Jazz, na sisi watoto tulikuwa tunavumilia sehemu ya mashairi tukisubiri chemko, ile sehemu ya wimbo inayochangamka watu wacheze. Ska ni chemko tangu wimbo unapoanza. Nilipozisikia zile tarumbeta na saksafoni, domo la bata kama wanavyoiita watu wa dansi, nilihisi kama mtu amefungua kabati la baba.

Bendi za panki zinapopanda mambo hubadilika. Nyimbo ni dakika mbili, haraka, na katikati ya ukumbi watu wanafungua nafasi na kuanza kusukumana. Wenyewe wanaita piti. Ukitazama kwa mbali ni ugomvi, na hapo ndipo mtu anapotamani tena kuvuka barabara. Sogea utazame kwa karibu. Watu wanasukumana kwa viganja na mabega, si kwa ngumi wala viwiko. Pembeni kuna mstari wa watu wenye miili mikubwa waliosimama imara, mikono mbele, wakiwalinda walio nyuma yao. Mtu akianguka, kila aliye karibu anasimama na kumwinua, hata wimbo uwe umefika penye utamu. Hiyo ndiyo sheria, na hakuna aliyeiandika ukutani.

Mimi nimewahi kuanguka. Sakafu ilikuwa imemwagikiwa bia, mguu ukateleza, nikaenda chini chali, miwani ikaruka. Sikupata hata muda wa kuogopa. Mikono minne, mitano, ikanishika kwapani, nikawa wima kabla sijajua nimeanguka upande gani. Mmoja akanitazama usoni, akanionyesha dole gumba akiuliza kama ni mzima, nikamjibu hivyohivyo. Mwingine alikuwa amesimama katikati ya piti kama mti, mikono ameitanua, watu wanamzunguka, anatazama sakafuni. Alikuwa mama wa miaka sitini hivi, nywele za kijani. Akainama, akainuka na miwani yangu, akainyanyua juu ya kichwa chake kwa mkono mmoja ili mwenyewe aione. Kioo kimoja kilikuwa na mkwaruzo. Akakifuta kwa pindo la fulana yake, akanivisha yeye mwenyewe, akarudi kwenye kusukumana.

Kwa hiyo: ukiokota kitu, kiatu, simu, funguo, kinyanyue juu. Ukimwona mtu ameinamia kamba ya kiatu, msimamie, mgongo wako uwe ukuta. Ukimgonga mtu vibaya, mguse bega umwombe radhi. Usimvute ndani mtu ambaye hakutaka. Kama umechoka, nyanyua mkono, tembea kuelekea pembeni, watakufungulia njia. Kwa mara ya kwanza, simama hatua mbili nyuma ya ule mstari wa walinzi, utaona kila kitu na hutaguswa sana. Siku nyingine ukijisikia, ingia wakati wimbo unapokaribia kwisha, uonje sekunde ishirini. Kama una mgongo mbovu, mjamzito, au hutaki tu, simama karibu na fundi mitambo. Hapo ndipo sauti ilipo nzuri kuliko kote ukumbini.

Bendi zinapobadilishana kuna robo saa hivi. Watu wengi hukimbilia kaunta. Wewe nenda kwanza kwenye ile meza ya bidhaa, kwa sababu kiingilio kikishagawanywa kwa bendi nne, fundi na pango la ukumbi, kila bendi inaondoka na pesa isiyotosha mafuta ya gari. Fulana ya pauni 15 au beji ya pauni moja inaingia mfukoni mwao moja kwa moja. Beba noti kidogo, mashine za kadi hugoma kwenye vyumba vya chini vya ardhi. Anayeuza mara nyingi ndiye mpiga besi uliyemwona sasa hivi, bado anatiririka jasho. Ongea naye. Mwambie wimbo upi umekugusa, uutaje kama unaujua, au mwimbie kipande. Mimi nimewahi kumweleza mpiga tarumbeta mmoja kuhusu chemko, nikamsikilizisha Atomic Jazz kwenye simu, yeye sikio moja, mimi sikio moja. Alitikisa kichwa hadi kipande kikaisha, akaniomba nimwandikie jina la bendi mkononi kwa kalamu.

Saa 5 taa za ukumbi zitawashwa na utajiona ulivyolowa. Ndipo ile fulana kavu inapofanya kazi. Badilisha chooni kabla hujatoka, vaa koti, funika kifua. Januari huku, jasho na upepo wa usiku vikikutana mgongoni, utatetemeka njia nzima hadi nyumbani, nami nilitetemeka. Kunywa maji tena. Saa ya basi la mwisho iwe umeitazama kabla hujatoka nyumbani, maana simu kwa saa hizo huwa imeisha chaji.

Lakini kama basi bado, usikimbie. Zunguka nyuma ya jengo. Utakuta gari lao la mizigo limefunguliwa na bendi yenyewe inabeba spika, ngoma na masanduku ya nyaya, hawana wapagazi. Yule kipara mwenye beji, siku ile ya kwanza, nilimkuta pale anahangaika na spika kubwa kwenye ngazi tatu za zege zenye utelezi, mlango unajifunga kila akiuachia. Nikaushikilia mlango. Ukifika wewe, uliza tu kama wanahitaji mkono, na ukiambiwa ndiyo, anza na mlango.